Pua Haina Uraia

Wapo watumishi wa umma katika nchi hii ambao, kabla hawajafungua jalada la mwananchi aliyesimama mbele ya meza yao, huwa wamekwisha kumsoma usoni. Humtazama pua, humpima urefu kwa macho, husikiliza anavyotamka maneno, kisha hukata shauri. Mwananchi huyo akiwa ametoka Ngara, Karagwe, Kasulu au Kibondo, na akiwa mrefu mwenye pua iliyochongoka, basi hati zake hutiliwa shaka, kaburi la babu yake huulizwa liko wapi, na siku yake ya kazi huishia bencheni. Malalamiko ya wananchi wa Kigoma na Kagera juu ya jambo hili yamesikika kwa miaka mingi, na yamefika hata Bungeni. Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba mpaka lazima ulindwe. Hakuna anayebisha hilo. Linalobishaniwa ni kama pua nayo ni hati.

Maana elimu hii ya kusoma pua haikuzaliwa Ngara wala Kasulu. Ina mwanzo wake, ina waasisi wake, na gharama yake imekwisha kulipwa mara moja mbele ya macho ya Watanzania, upande wa pili wa mto Kagera. Kwa hiyo mtumishi anayeitumia leo akidhani ni uzoefu wake wa kazi, yafaa aelezwe ameirithi kwa nani.

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri wa Kiingereza, John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Kiingereza huko India, aliingia Karagwe na kupokewa na Mfalme Rumanyika. Alikaribishwa vizuri, akalishwa, akaachwa akae kwa majuma kadhaa. Aliona makundi ya ng'ombe, aliona baraza lenye adabu na utawala wenye utaratibu, akavutiwa pia na maumbo ya watu wa ukoo wa kifalme. Ndani ya makao hayo hayo alimpima kwa utepe mwanamke mmoja wa nyumba ya mfalme, mkono, kifua na paja, akaandika vipimo vyake kwa futi na inchi kama mnunuzi wa mifugo mnadani. Ndiyo fadhila aliyowarudishia wenyeji wake.

Mtu mwenye akili huru angeandika kwamba amekuta Waafrika wenye dola iliyopangika. Speke hakuweza kuandika hivyo. Kasumba aliyotoka nayo kwao ilikuwa imekwisha kumwambia kwamba Mwafrika hana uwezo wa kupanga dola. Ilimbidi achague moja: ama kasumba ni ya uongo, ama watu hawa si Waafrika hasa. Akachagua la pili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alidai kuwa watawala wa nchi za maziwa makuu ni jamii bora iliyotoka Uhabeshi, ya uzao wa Hamu, iliyovamia na kutawala jamii duni ya wakulima. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura za watu. Rwanda yenyewe hakuikanyaga.

Inachekesha, kama si kwamba inaliza, kuona jinsi Hamu huyu alivyotumiwa. Kwa karne nyingi laana yake ilihubiriwa ili kuhalalisha utumwa wa mtu mweusi. Sasa, ubeberu ulipohitaji maelezo mengine, Hamu huyo huyo akapandishwa cheo akawa karibu na Mzungu, ili kila jambo jema lililokutwa Afrika lipate baba wa kutoka nje. Mwaka 1930 mtaalamu wa chuo kikuu mjini London, C. G. Seligman, alichapisha kitabu kilichodai kuwa ustaarabu wote wa Afrika ni kazi ya Wahamu. Kitabu hicho kilisomwa na wanafunzi na watawala kwa miaka mingi. Uongo ulikuwa umevaa joho la shahada.

Wajerumani nao walikuja na vyombo vyao vya kupimia. Rwanda, Urundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja, na wapimaji walikuwa wale wale. Msafara wa Mwana-mfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg uliopita Rwanda mwaka 1907 na 1908 ulikuwa na mtaalamu wa kupima miili, Jan Czekanowski, ambaye alirudi Ulaya na shehena ya mafuvu ya binadamu. Katika uchunguzi uliofanywa Berlin miaka ya karibuni juu ya mafuvu 1,135 yaliyohifadhiwa huko, 904 yalionekana kuwa yametoka katika nchi ambayo sasa ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata hapa Tanzania, katika nchi ya Wachaga, ndugu walio hai wa baadhi ya watu hao. Ieleweke vizuri: mafuvu hayo hayakuchukuliwa kwa bahati mbaya. Yalichukuliwa ili yapimwe, na yalipimwa ili ithibitishwe kwamba binadamu wamepangwa kwa ngazi na kwamba aliyeshika rula yuko ngazi ya juu.

Baada ya mwaka 1916 Wabelgiji walishika Rwanda, na hapo ndipo nadharia ilipogeuzwa kuwa kazi ya ofisi.

Si haki kusema kwamba kabla ya hapo Rwanda ilikuwa bustani ya usawa. Haikuwa. Majina ya Mhutu, Mtutsi na Mtwa yalikuwapo, na chini ya Mfalme Rwabugiri mwishoni mwa karne ya 19 wakulima walibebeshwa kazi ya shuruti iliyoitwa uburetwa, ambayo wafugaji waliepushwa nayo. Unyonyaji ulikuwapo, na wanyonyaji walikuwapo. Lakini majina hayo yalifungamana na ng'ombe, na ardhi, na ukaribu wa mtu na baraza la mfalme. Mtu aliyepata mali na nafasi aliweza kuvuka, na lugha ya Kinyarwanda ina neno lake la kuvuka huko. Wote walisema lugha moja, walikaa juu ya vilima vile vile, na ukoo mmoja uliweza kuwa na Wahutu na Watutsi ndani yake. Alichofanya mkoloni ni kuuchukua mlango uliokuwa mgumu kufunguka na kuupigilia misumari.

Alifanya hivyo kwa mikono ya aina mbili. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mtawala. Kati ya mwaka 1926 na 1931 machifu Wahutu waliondolewa kwenye madaraka na nafasi zao kupewa Watutsi, kwa hoja kwamba hao ndio waliozaliwa kutawala. Askofu Classe alionya mwaka 1930 kwamba kuwaondoa Watutsi katika uongozi kungeleta vurugu na ukomunisti wa kuwapinga Wazungu. Mfalme Musinga, ambaye hakuwa mtii vya kutosha, aling'olewa mwaka 1931. Shule ya Astrida ikafunguliwa kuwatayarisha makarani wa utawala, na wana wa Watutsi ndio waliopewa sehemu kubwa ya madawati yake.

Mkono wa pili ulikuwa wa karani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1933 na 1934 kila mtu aliandikwa kabila lake, kisha akapewa kitambulisho chenye neno hilo. Tangu siku hiyo mtoto alirithi neno la baba yake kama anavyorithi jina. Karani aliyeandika huenda alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyewahi kazini kila asubuhi. Hakumpiga mtu. Alijaza fomu tu.

Watwa walikuwa wachache, na katika fomu hizo waliwekwa mwisho. Mzungu aliwaeleza kuwa mabaki ya zamani za kale, na jirani zao Wahutu na Watutsi, ambao hawakupatana katika mengi, walipatana kuwadharau. Hadi leo wanaoandika historia ya Rwanda huwapa mistari miwili, kama hapa.

Upepo wa uhuru ulipoanza kuvuma, Mbelgiji aligeuka. Wale aliowaita bora walipodai uhuru, aligundua ghafla kwamba wengine walikuwa wanaonewa. Mwezi Novemba 1959 ghasia zilipolipuka, utawala wa kikoloni chini ya Kanali Logiest uliwaondoa machifu Watutsi kwa wingi na kuwaweka Wahutu. Maelfu ya watu walikimbilia Tanganyika, Uganda, Urundi na Kongo. Hapa pana fundisho kubwa kwa kila anayedhani ubaguzi huisha kwa kubadili anayekaa juu. Waraka wa viongozi wa Kihutu wa mwaka 1957, uliolalamikia dhuluma ya kweli, ulikataa pia neno la kabila lisifutwe katika vitambulisho. Nadharia ya Speke haikupingwa. Ilipinduliwa juu chini tu: kama Watutsi walitoka Uhabeshi kutawala, basi ni wageni, na kama ni wageni, basi nchi si yao.

Rwanda ikawa huru tarehe 1 Julai 1962. Mkoloni akaondoka, kitambulisho kikabaki. Kilibaki kwa zaidi ya miaka 30, mikononi mwa Serikali ya Waafrika, kikijazwa na watumishi Waafrika, kikitumika kugawa nafasi za shule na kazi kwa viwango vya kabila. Katika madarasa mengi mwalimu aliwasimamisha watoto kwa makundi ili ajaze daftari lake: Wahutu simameni, Watutsi simameni. Wapo watoto waliokwenda nyumbani kuwauliza wazazi wao ni nani, kwa sababu asubuhi ile hawakujua wasimame lini. Mwalimu huyo naye alikuwa anajaza fomu tu.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera, mhadhiri wa chuo kikuu na kiongozi wa chama kilichokuwa kikitawala, aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi watarudishwa kwao Uhabeshi kwa njia ya mkato, yaani kwa mto Nyabarongo. Msafiri wa mwaka 1861 alikuwa amekufa zamani, lakini sentensi yake ilikuwa hai, sasa ikiwa na wasikilizaji wenye mapanga. Mwezi Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza, na binadamu wakaitwa mende hewani huku muziki mzuri ukipigwa katikati. Ndege ya Rais Habyarimana ilipoangushwa tarehe 6 Aprili 1994, akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, kila kilichohitajika kilikuwa tayari. Vizuizi viliwekwa barabarani. Mtu aliambiwa atoe kitambulisho. Asiyekuwa nacho alitazamwa pua na urefu, na wako Wahutu waliouawa kwa sababu tu walikuwa warefu. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wasiopungua 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda yenyewe inasema walizidi milioni moja.

Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera. Wakimbizi zaidi ya 200,000 walipokuwa wakivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara mwishoni mwa Aprili 1994, maiti zilikuwa zikipita chini yake, zikielekea Karagwe na kisha Ziwa Victoria.

Hesabu ya nani alihusika ilifanyika Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994. Wasomaji walio walimu na watumishi wa Serikali watafute hukumu zake wazisome, maana zinawahusu kwa karibu kuliko wanavyodhani. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, tarehe 2 Septemba 1998, alikuwa Jean-Paul Akayesu, meya wa wilaya ndogo ya Taba. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule. Katika kesi ya vyombo vya habari iliyoamuliwa mwezi Desemba 2003, Ferdinand Nahimana alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu, na Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mwanasheria na mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje. Hawa ni watu wa kalamu na chaki. Na majaji wa kesi ya Akayesu walipojiuliza Mtutsi ni nani hasa, ilhali lugha ni moja, dini ni zile zile na desturi ni moja, ilibidi waangalie, pamoja na mambo mengine, kitambulisho cha Serikali. Mafuvu yote yale na rula zote zile hazikuwasaidia.

Sasa watasema: Tanzania si Rwanda. Ni kweli, na haikuwa hivyo kwa bahati. Mwezi Oktoba 1961, nchi ikiwa majuma machache tu kabla ya uhuru, wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa ukali, akataja Hitler na wabaguzi wa Afrika Kusini, akaeleza kuwa Serikali yake ingejiuzulu kama hoja hiyo ingeshinda. Mwezi Februari 1967, Azimio la Arusha likiwa na siku chache tu, aliandika katika gazeti la The Nationalist kuonya kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja, kwa sababu wako waliokuwa wanaona kutaifisha mali ni kulipiza kisasi kwa Wahindi. Shule zilizotengwa kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika ziliunganishwa kuanzia mwaka 1962. Hayo yalikuwa maamuzi, na yalikuwa na wapinzani ndani ya safu zenyewe.

Lakini kasumba haifi kwa tamko. Mwaka 1968 ilitolewa amri ya kumtaka Mmasai avue lubega avae suruali, la sivyo asipande basi wala asiingie ofisini. Waliotoa amri hiyo hawakuwa mabeberu. Walikuwa watu waaminifu kwa nchi yao, waliokuwa wakiona aibu kwamba mgeni angemwona Mmasai akadhani Tanzania ni ya zamani. Yaani walimtazama ndugu yao kwa jicho la mgeni. Mhadzabe naye amekuwa akitajwa katika taarifa za maofisa kama tatizo la kuhamishwa na kustaarabishwa, na katika madarasa kama mfano wa jinsi watu wa kale walivyoishi. Mtoto wa Kihadzabe anayeketi katika darasa hilo mwaka huu wa leo anajifunza kwamba yeye ni wa kale.

Watasema tena kwamba huo ni utani tu, na kwamba utani ndio uliojenga umoja wa nchi hii. Anayesema hivyo hajui utani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mngoni na Mhehe wana utani kwa kuwa kila mmoja ana haki ya kujibu, na ana wajibu pia: mtani ndiye anayefika msibani na kushika kazi. Ofisa aliyekaa kitini akimtania mfugaji aliyesimama na barua mkononi hatanii. Mfugaji huyo hawezi kumrudishia, na ofisa huyo hatafika msibani kwake.

Na kuhusu mpaka, wako kweli wanaoingia bila kibali, na sheria ina njia za kuwapata. Kuna hati ya kuzaliwa, kuna daftari la kijiji, kuna mwenyekiti wa kitongoji na wazee wanaokumbuka nani alizaliwa wapi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haina kifungu hata kimoja kinachotaja pua. Matamshi nayo hayathibitishi kitu, kwa sababu Kihangaza na Kiha ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, na ndugu hao walikuwapo kabla ya mpaka. Mpaka wenyewe ulichorwa na Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji mwaka 1919. Nchi ya Gisaka iliwekwa kwanza upande wa Tanganyika kwa ajili ya ndoto ya reli ya Waingereza, na miaka michache baadaye ikarudishwa upande wa Rwanda. Kuna watu waliolala Tanganyika na kuamka Rwanda bila kutoka kitandani. Kumtaka mjukuu wa watu wa namna hiyo athibitishe kwa uso wake kwamba yeye ni wa upande huu ni kumtaka ajibie penseli ya Milner.

Dawa yake haihitaji tume wala semina. Ofisa anayemtilia shaka mwananchi aandike ndani ya jalada, kwa mkono wake na sahihi yake, sababu iliyomfanya atie shaka. Kama hati ina kasoro, aandike kasoro. Kama kijiji kimemkana, aandike kijiji. Na kama sababu ni pua, aandike pua.